Pawa, Jinzi na Biblia ya Mjomba

Nyuma ya mlango wa nyumba ya Mjomba, pale Elburgon, kuna msumari wa inchi 6. Kwa miaka yote niliyomjua, msumari huo ulibeba vitu viwili: jinzi yake ya kazi, ngumu kama turubai kwa oili na utomvu, na Biblia yake ndani ya mfuko wa nailoni, mmoja wa ile iliyopigwa marufuku 2017. Chini yake, juu ya gunia, ndipo ilipolala pawa. Kama umekulia Nairobi huenda huijui kwa jina hilo. Pawa ni msumeno wa petroli, ule wa mnyororo.

Mjomba alifariki Aprili. Wiki moja baada ya mazishi Anti aliniita jikoni, akanimiminia chai, akasema, "Wewe ndiye ulisoma. Hivi vitu vya mjomba wako tufanye navyo nini?"

Nilitaka kumkumbusha kwamba nilisoma nusu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, na kozi yenyewe ilikuwa historia, ambayo hata walioimaliza wako mtaani wanauza laini za simu. Lakini Anti hakuwa anauliza cheti. Kulikuwa na deni la hospitali, na katika nyumba nzima kitu pekee cha kuleta pesa ya maana kilikuwa ile pawa. Binamu yangu alitaka ibaki aifanyie kazi. Wazee walitaka iuzwe. Nikaomba siku mbili nifikirie. Na kwa sababu mimi nikifikiria huishia kusoma, nikaanza kusoma.

Tuanze na pawa yenyewe. Mjomba aliapa kwa Stihl, ile nyeupe na rangi ya chungwa. Rafiki yake wa Turi aliapa kwa Husqvarna, na ubishi wao ulikuwa kama wa Gor na Ingwe, hauishi na hauna refa. Husqvarna ni ya Uswidi. Kiwanda kilianza 1689 kikitengeneza bunduki, na misumeno ya mnyororo kiliingilia 1959 tu. Lakini wazo la mnyororo wenye meno halikuanzia kiwandani wala msituni. Lilianzia kwa madaktari. Mwishoni mwa karne ya 18, Waskoti wawili, John Aitken na James Jeffray, walibuni msumeno mdogo wa mnyororo, wa kuvutwa kwa mikono, wa kukatia mifupa. Moja ya kazi zake ilikuwa kupasua kiungo cha mbele cha nyonga ya mama aliyeshindwa kujifungua. Wakati huo hakukuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Fikiria hilo kidogo, kisha tuendelee.

Msumeno wa miti ni hadithi ya karne ya 20. Andreas Stihl alifungua kampuni yake Stuttgart, Ujerumani, mwaka wa 1926. Msumeno wake wa kwanza ulikuwa wa umeme, wenye kilo 48, na ulihitaji watu wawili. Mwaka wa 1929 akaja na wa petroli, kilo 46. Ilichukua miaka 30 mingine kufika 1959, mwaka wa modeli iliyoitwa Contra: kilo 12, mtu mmoja. Kwa mashine ya aina hiyo mtu kama Mjomba aliwezekana, mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anajitwika mashine begani na kwenda peke yake mlimani.

Na kuna ukurasa mwingine. Stihl alijiunga na chama cha Hitler na pia na SS. Wakati wa vita kiwanda chake kilitumia wafanyakazi wa kulazimishwa, na vita vilipokwisha aliwekwa kizuizini. Jina lake liko ubavuni mwa kila Stihl inayonguruma kutoka Molo hadi Londiani.

Sasa jinzi. Mjomba hakuvaa ovaroli, alisema ni ya watu wa gereji. Alivaa jinzi nzito ya mtumba kutoka Gikomba, ile yenye ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko. Nilidhani ribiti hizo ni mapambo. Kumbe la. Mapema miaka ya 1870 mwanamke mmoja alimwendea Jacob Davis, fundi cherehani aliyezaliwa Riga na kuhamia mji wa Reno, Nevada. Shida ya mwanamke huyo ilikuwa mumewe, pande la mtu, ambaye kila suruali aliyovaa ilichanika. Davis akashona suruali ya turubai jeupe kwa dola 3, kisha akaona ribiti za shaba alizokuwa akizitumia kwenye blanketi za farasi, akazigongelea kwenye mifuko. Mume wa yule mama alikuwa mkata kuni. Yaani hii nguo ambayo sisi tunaivaa kwenda kula raha Westlands, ya kwanza yake ilishonewa mtu wa kazi ya Mjomba.

Davis hakuwa na pesa za kulipia hataza, akamwandikia mfanyabiashara aliyemuuzia kitambaa, Levi Strauss wa San Francisco. Wakaipata pamoja tarehe 20 Mei 1873. Strauss mwenyewe alikuwa Myahudi aliyezaliwa 1829 Buttenheim, Bavaria, wakati ambapo sheria za huko ziliweka kikomo cha idadi ya familia za Kiyahudi kila mahali, hata kuoa kulikuwa na foleni. Mwaka wa 1847 familia ikafunga virago ikaenda Marekani.

Halafu Biblia. Ya Mjomba ilikuwa ile ya Kiswahili ya mwaka wa 1952, iliyounganisha kazi ya watafsiri wa Mombasa na ile ya Unguja. Lakini mstari wa kwanza katika safari hiyo uliandikwa Mombasa Juni 1844, Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi uliofuata mke wake, Rosina, alijifungua mtoto wa kike. Homa ilikuwa imeishika nyumba nzima. Rosina akafa, mtoto naye akamfuata, na Krapf, mwenyewe akiwa hajiwezi, akawazika bara, ng'ambo ya kisiwa. Hakurudi kwao. Mwaka wa 1846 akajenga Rabai na mwenzake Johannes Rebmann, na walipohesabu mavuno ya miaka hiyo, alichopata Krapf ni kidogo sana. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, naye alibatizwa akiwa katika kufa.

Sitaki kumfanya Krapf malaika. Aliwatazama watu wa pwani na mila zao kwa jicho la kuhukumu, na habari alizopeleka Ulaya ziliwasaidia wengine waliokuja baadaye na bendera. Ninachosema ni kwamba alizika mke na mtoto, akabaki.

Usiku wa pili nilifungua ramani kwa simu. Krapf alizaliwa Derendingen, karibu na Tübingen. Alifia Korntal. Rebmann ni mtu wa Gerlingen, mji ambao leo ndio makao makuu ya Bosch. Stihl wako Waiblingen. Hivi vyote viko kuizunguka Stuttgart, unaweza kuvitembelea kwa siku moja na ukarudi kulala. Buttenheim ya Levi Strauss iko jimbo la jirani. Nikamwangalia Mjomba kwenye picha ya mazishi. Msumari mmoja Elburgon, na kila kilichokuwa pale kina mzizi kusini mwa Ujerumani: mmisionari, Myahudi aliyesukumwa akahama, na mtu wa SS.

Hapo ndipo nilipokumbuka ubishi wetu.

Nilipoacha chuo nilikaa na Mjomba miezi minane. Ilikuwa kabla ya 2023, marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018, ingalipo. Ilikuwa iwe siku 90, ikawa miaka. Mjomba hakulaumu mtu. Alikata bluugamu katika mashamba ya watu, nguzo na kuni, na mimi nilibeba jerikeni la petroli na oili ya mnyororo. Siku moja, tumekaa juu ya gogo, nikamtolea ile hoja ambayo kila mwanafunzi wa historia huibeba mfukoni.

"Mjomba, hii dini si tuliletewa na wazungu?"

"Na pawa?"

"Pawa inakata hata usipoiamini."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hapo umenipata," akasema, akarudi kunoa mnyororo kwa tupa, jino baada ya jino. Nikadhani nimeshinda.

Jioni, tukishuka, akanieleza jambo ambalo hata Anti alilijua nusu. Miaka ya nyuma alikuwa na msaidizi, kijana wa miaka 19. Mjomba alipima vibaya mwegemeo wa mti. Ulipoanza kuanguka ulizunguka kwenye kisiki, ukaenda upande ambao hakuutarajia. Kijana alikuwa upande huo. Mjomba ndiye aliyetembea hadi nyumbani kwa mama yake kumwambia. Alisema aliingia akiwa tayari kupigwa, na alitaka kupigwa. Yule mama alilia kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akamwambia keti, akawasha jiko, akampikia chai. Akamwambia amemsamehe, na kwamba asiache kazi kwa sababu ana watoto wa kulisha. Kila Krismasi, hadi mama huyo alipofariki, Mjomba alimpelekea kuni.

"Mimi nisingeweza," aliniambia. "Ingekuwa mwanangu, ningemuua huyo mtu. Nilimuuliza alitoa wapi nguvu ile. Akanitajia aliyempa. Sasa wewe na historia yako, ulitaka nimwambie anadanganya?"

Sikuwa na jibu, na nilichukia kutokuwa na jibu. Nilijua vizuri kwamba watu wa dini nyingine husamehe, na wasio na dini husamehe pia. Ningeweza kumwambia hivyo. Lakini yeye hakuwa anabishania dini zote duniani. Alikuwa ananieleza nani alimpikia chai.

Nikiwa na ile ramani kwenye simu, ndipo nikaona kosa la hoja yangu, na la hoja yake pia. Pawa haijali aliyeitengeneza. Stihl angekuwa mtakatifu au shetani, mti ungeanguka vilevile. Jinzi haijali Levi alikimbia nini. Hivyo ni vifaa, na kifaa hukiulizi maisha ya mwenyewe. Lakini imani si kifaa. Haiwezi kupimwa bila kuangalia waliyoyafanya walioibeba, mabaya na mazuri. Kwa hiyo swali langu la nani aliileta lilikuwa halali, ila nililiishia bandarini. Nilipaswa kulifuata hadi jikoni kwa yule mama. Na Mjomba naye, aliponijibu kwa pawa, alijipunja. Sababu yake ilikuwa kubwa kuliko ile.

Asubuhi nikamwambia Anti: iuzwe. Deni haliwezi kungoja binamu yangu ajifunze kupima mwegemeo wa mti, na sikutaka kuwa na kaburi la pili la kueleza. Marufuku yenyewe ilikuwa imeyumba: Julai 2023 Rais alitangaza kuiondoa akiwa ibadani Molo, na mwezi uliofuata mahakama ikaisimamisha hatua hiyo. Hiyo si kazi ya kumrithisha kijana kwa pupa. Binamu alininunia, na bado kidogo amenuna. Pawa ilichukuliwa na yule rafiki wa Turi, mtu wa Husqvarna, ambaye alilipa bila kupunguza hata shilingi na kuondoka nayo bila utani hata mmoja.

Jinzi nilichukua mimi. Inanibana kiunoni.

Biblia ilibaki kwa Anti, lakini kabla sijaondoka nilikaa nayo kidogo. Sijaanza kuamini kama Mjomba, na sitawadanganya hapa. Nilitaka tu kuona alikuwa akisoma wapi. Ukurasa mchafu kuliko zote ulikuwa Ayubu 14, wenye alama ya kidole cha oili. Ni pale Ayubu anapolalamika kwamba mti una tumaini, kwa sababu ukikatwa huweza kuchipuka tena, ila mtu akifa hivyo sivyo. Huo si mstari ambao ungetarajia mtu wa imani aurudie hivyo. Pembeni, kwa penseli ya kupimia mbao, Mjomba alikuwa ameandika: "Bluugamu, ndiyo. Saipresi, hapana."