Uzibaji wa muda wa rejeta inayovuja

Uzibaji wa muda ni kazi ya dharura inayofanywa maji ya kupozea injini yanapovuja safarini, ili gari lifike gereji bila injini kuungua. Kazi hii haiondoi tatizo. Ikifanywa vizuri huliwezesha gari kusogea. Ikifanywa kwa pupa huharibu injini iliyokuwa nzima. Kwa hiyo kinachotangulia ni kujua maji yanatokea wapi, na kuziba hufuata baadaye.

Maji hayo, ambayo mafundi huyaita kulanti, husukumwa na pampu kupitia kwenye bloku na hedi ya injini. Yakifikia joto la nyuzi 82 hadi 95 hivi, kutegemea aina ya gari, thamostati hufunguka na kuyaruhusu kupita mpira wa juu hadi kwenye rejeta, ambako hupoa kisha hurudi. Mfuniko wa rejeta nao una kazi kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ni vali inayobana presha, kwa kawaida psi 13 hadi 16, na presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethilini glikoli ukiwa wazi huchemka karibu nyuzi 107; ukibanwa kwa psi 15 hustahimili hadi karibu nyuzi 129. Mfuniko uliochoka unaweza kuchemsha gari lisilo na tundu popote. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji matupu huchemka karibu nyuzi 94, hivyo gari lililopanda kutoka Mombasa likiwa na maji ya bomba na mfuniko mbovu limepungukiwa pande zote mbili.

Presha hiyo hiyo ndiyo inayosukuma maji nje kupitia kwenye ufa. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya kazi.

Kutafuta panapovuja

Kulanti huwa na rangi, mara nyingi kijani, nyekundu au waridi, na harufu yake ni tamu. Ikikauka huacha ukoko kwenye kiungio, na ukoko huo humfikisha fundi penye tundu hata kama gari halidondoshi tone. Maji meupe yasiyo na harufu chini ya upande wa abiria kwa kawaida ni ya kiyoyozi, na hayo hayana neno. Zulia la mbele likilowa ndani ya gari na kioo kikapata ukungu wenye harufu tamu, kinachovuja ni rejeta ndogo ya hita.

Mshale wa joto ukipanda, kwa mfano katikati ya mlima Kitonga, zima kiyoyozi, fungulia hita hadi mwisho, tafuta mahali salama pa kuegesha, kisha uzime injini. Usiguse mfuniko. Maji yaliyopita nyuzi 100 hugeuka mvuke mara presha inapotoka, na watu wameungua nyuso na vifua kwa kukosa subira ya nusu saa. Njia ya kupima ni kuuminya mpira wa juu kwa kitambaa kinene: ukiwa mgumu, presha bado imo; ukibonyea kwa urahisi, fungua polepole. Mshale ukishuka ghafla baada ya kupanda, usifurahi. Kihisio cha joto kikikosa maji ya kukigusa kinaweza kusoma ubaridi wa uongo.

Kuziba

Mpira uliopasuka ndio mwepesi kuliko yote. Ukiwa umechanika ukingoni, kata kipande kibovu, urudishe na ukaze klipu. Ukitoboka katikati, kifaa bora ni ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kausha mpira kabisa, anza kuzungusha vidole viwili au vitatu kabla ya tundu, uvute kila mzunguko hadi ukanda ukonde, na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Maliza kwa waya wa kufungia au klipu kila upande. Utepe wa kawaida wa gundi haushiki penye unyevu na joto.

Rejeta nyingi za sasa zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki. Ufa kwenye plastiki husuguliwa kwa msasa, husafishwa mafuta, hukaushwa, kisha hupakwa epoksi ya kuchanganya na kuachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mrija mmoja wa kiini ukitoboka unaweza kubanwa kwa koleo juu na chini ya tundu. Rejeta itafanya kazi kwa mirija iliyobaki. Hita ikivuja, mipira yake miwili huunganishwa ili hita iachwe kando. Sabuni ya mche, inayosaidia sana kwenye tangi la petroli, haidumu hapa kwa sababu maji ya moto huiyeyusha.

Kuna pia dawa za kumimina, ambazo chembe zake huchukuliwa na maji hadi kwenye tundu na kujibana hapo. Pilipili manga na ute wa yai hutumiwa na madereva kwa kanuni hiyo hiyo, ila yai huoza na kuziba mirija myembamba. Dawa hizi si mzaha. Mwaka 1958 nyambizi ya Marekani USS Nautilus ilivuja maji ya bahari kwenye kondensa yake ilipokuwa Seattle. Kamanda William Anderson akawatuma mabaharia wakiwa na nguo za kiraia kununua makopo 140 ya dawa ya kuziba rejeta katika vituo vya mafuta, na uvujaji ukakoma. Tarehe 3 Agosti mwaka huo nyambizi hiyo ilipita chini ya Ncha ya Kaskazini.

Dawa za gasketi ya hedi zenye sodiamu silikati zinahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitumia kemikali hiyo hiyo kuua injini za magari makuukuu yaliyonunuliwa ili yavunjwe: ilimiminwa mahali pa oili, na injini ikakwama. Oili ikishakuwa kama chai ya maziwa, au mapovu yakipanda kwenye rejeta bila kukoma, gari livutwe. Pampu inayovuja kwenye tundu lake la chini nayo haizibiki, maana sili yake imekwisha.

Baada ya kuziba, jaza maji kidogo kidogo injini ikiwa imepoa, kwani maji baridi juu ya hedi ya moto huipinda au kuipasua. Kwa mifuniko ya kuzungusha ya aina ya zamani, fungia kwenye kituo cha kwanza tu ili presha isijengeke. Kwa sababu hiyo maji yatachemka mapema, basi endesha taratibu na simama mara kwa mara kuangalia. Kulanti uliyokinga usiiache kwenye beseni. Utamu wake huvutia watoto na mbwa, na ethilini glikoli huua figo.

Ukifika gereji, mwambie fundi kila ulichomimina, hata kama ni yai, ili ausafishe mfumo mzima kabla ya kufunga kifaa kipya.