Lenzi kongwe ya Sonnar: Uzuri wake na hila zake

MIONGONI mwa lenzi za kale ambazo wapigapicha wangali wanazisaka ni Sonnar ya milimita 50, yenye kitundu kinachofunguka hadi f/1.5. Ilibuniwa na Mjerumani Ludwig Bertele mapema miaka ya 1930 kwa ajili ya Contax, kamera iliyozinduliwa mwaka 1932. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ubunifu huo ulitumiwa katika Muungano wa Kisovieti kuunda lenzi ya Jupiter-3.

Contax ni kamera yenye kipimaumbali. Mpigapicha hatazami kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kilicho juu yake, ambamo huona taswira mbili za kitu kimoja. Huzungusha gurudumu hadi taswira hizo zilingane. Hata hivyo, kidirisha hakionyeshi kasoro ya lenzi. Kosa hubainika filamu ikishasafishwa. Asiyezijua tabia za lenzi yake huenda akapoteza picha isiyoweza kupigwa tena.

Siri ya vioo saba

Enzi hizo vioo havikuwa vikipakwa utando wa kupunguza mwakisiko. Kila mahali kioo kilipokutana na hewa, takriban asilimia 4 hadi 5 ya mwanga iliakisiwa, ukazagaa ndani ya lenzi na kuipausha picha. Bertele aliviunganisha vioo saba katika mafungu matatu, hivyo nyuso zilizokutana na hewa zikawa sita tu. Summar, lenzi ya f/2 ya kampuni shindani ya Leitz, ilikuwa na nyuso nane. Ndiyo sababu weusi katika picha za Sonnar ulikolea zaidi.

Ubayana unaohama

Kizuri hakikosi ila. Miale inayopita ukingoni mwa Sonnar hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko ile inayopita katikati. Kitundu kikiwa wazi kabisa, miale yote huchangia: katikati mwa picha huwa na ulaini wa kupendeza, pembe hufifia, nayo mandhari ya nyuma huyeyuka taratibu. Wengi huipendea sura za watu kwa sababu hiyo.

Kitundu kikibanwa hadi f/2.8, miale ya ukingoni huzuiwa, na mahali penye ubayana husogea nyuma ya mlengwa. Katika picha ya uso iliyopigwa karibu, macho hufifia ilhali masikio yako bayana. Katika f/5.6 au f/8, eneo la ubayana hupanuka na kuificha kasoro hiyo. Lenzi iliyorekebishwa ilenge sawasawa kwenye f/2.8 huwa na tabia ya kinyume: ikifunguliwa hadi f/1.5, hulenga mbele ya mlengwa.

Tiba ni kuipima. Utepe wa kupimia hulazwa kwa mshazari mezani, kamera ikawekwa imara na kulengwa kwenye alama moja. Picha hupigwa kwa f/1.5, f/2, f/2.8, f/4 na f/5.6, kisha matokeo huandikwa. Ubayana ukiangukia nyuma ya alama, mpigapicha hurudi nyuma kidogo baada ya kulenga. Ukiangukia mbele, husogea mbele. Anayeifunga lenzi hii kwenye kamera ya dijitali inayoonyesha picha kupitia lenzi hulenga kitundu kikiwa kimeshabanwa.

Kushika na kununua

Contax ina mazoea yake. Lenzi ikilengwa mbali kabisa hujifunga, na sharti kitufe kidogo kibonyezwe ili iachie. Aidha, vidole vya mkono wa kulia huweza kuziba dirisha la kipimaumbali, basi hushikwa vikiwa vimeinuliwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amulike lenzi kwa tochi kutoka upande wa nyuma. Nyuzi mithili ya utando wa buibui ni dalili ya kuvu, ambayo hustawi penye joto na unyevu. Madoa ya rangi za upinde wa mvua karibu na ukingo huweza kuonyesha kuwa gundi imeanza kuachana. Mikwaruzo michache huathiri picha kidogo, lakini kuvu na gundi iliyoachana ni kazi ya fundi, na gharama yake huenda ikazidi bei ya lenzi yenyewe.