Intakula ya Bei Nafuu na Njia ya Upepo

Anayefunga tabo kwenye gari ambalo halikutoka nayo kiwandani hufika haraka kwenye swali la intakula, yaani kifaa cha kupoza hewa iliyoshindiliwa na tabo kabla haijaingia kwenye injini, na kwa kawaida hulifikia fedha zikiwa zimekwisha. Wengi hulijibu kwa ukubwa: hununua pande kubwa kabisa la aluminiamu ambalo mfuko unaruhusu. Historia ya kifaa hiki, tangu ndege za vita hadi magari ya mashindano, inaonyesha kuwa hapo sipo pa kuanzia. Mara kwa mara kilichoamua kama hewa itapoa ni njia ya upepo: unaingilia wapi, unapita katikati ya nini, unatokea wapi. Na njia ya upepo ndiyo kazi ambayo fundi mwenye hela kidogo anaweza kuifanya vizuri kama tajiri.

Tabo ilibuniwa na Alfred Büchi wa Uswisi, aliyeipatia hataza mwaka 1905, lakini ni urefu wa anga uliomfanya mwanadamu aihitaji. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, akaonyesha kuwa tabo inairudishia nguvu ambazo hewa nyepesi huinyang'anya. Tatizo ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto. Hesabu si ngumu. Hewa ya nyuzi 25 ikishindiliwa hadi presha kamili ya bar 1.7 huko Mombasa, kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa na nyuzi 90 hivi. Nairobi, ambako hewa ya nje ni nyepesi, tabo ile ile hulazimika kufanya kazi zaidi ili kufikia presha hiyo hiyo, na hewa hutoka ikiwa imepita nyuzi 120. Ukiishusha kutoka nyuzi 120 hadi 50 bila kupoteza presha, kila lita inabeba hewa zaidi kwa takriban moja ya tano. Zaidi ya hapo, injini ya petroli inayolishwa hewa moto huanza kugonga, na kugonga ndiko kunakotoboa pistoni. Kwa mjenzi wa nyanda za juu, basi, intakula si pambo.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote unatoka kwenye ndege ya Marekani ya P-38 Lightning. Wahandisi wa Lockheed waliipitisha hewa ya tabo ndani ya ukingo wa mbele wa mabawa, ili bati la bawa lenyewe liipoze. Ulikuwa ubunifu mzuri kwa injini za mwanzo. Injini zilipoongezwa nguvu, bawa halikuweza kuongezwa, na kupoza hewa kukawa ndiko kunakozuia nguvu mpya zisitumike. Katika toleo la J la mwaka 1943 intakula ikahamishiwa chini ya pua ya kila injini, mbele kabisa ya upepo, na nafasi iliyobaki ndani ya mabawa ikawekwa matangi ya mafuta. Tiba ilikuwa kuhama mahali.

Kwenye magari, watengenezaji walijaribu kwanza kuikwepa intakula. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilinyunyiziwa maji yaliyochanganywa na methanoli ili isigonge. Wenye magari walisahau kujaza tangi lile, tabo ikazuiwa kusukuma, na kufikia mwaka 1963 gari likaachwa. Nalitaja kwa sababu hadi leo wapo wanaopendekeza kunyunyizia maji kama njia rahisi ya kuepuka gharama ya intakula. Yanapoza kweli, ila kinga inayokauka ni kinga ya kubahatisha. Porsche 911 Turbo nayo ilianza mwaka 1975 bila intakula, ikiwa na nguvu za farasi 260. Ile ya mwaka 1978 ilipewa intakula chini ya bawa la nyuma ikafika 300. Ni haki kusema kuwa injini pia ilikuzwa kutoka lita 3.0 hadi 3.3, kwa hiyo ongezeko lote si la intakula. Hata hivyo, bawa zima lilichorwa upya kwa ajili ya kuipatia upepo.

Wajapani wakatawanyika. Subaru Impreza WRX ya mwaka 1992 iliweka intakula juu ya injini na kuivutia upepo kwa mdomo wa boneti: paipu fupi, tabo inaitika upesi, lakini kwenye foleni joto la injini huipanda. Lancer Evolution ya mwaka huo huo iliiweka nyuma ya bampa la mbele. Toyota Celica ambayo Mkenya Ian Duncan aliishindia Safari Rally mwaka 1994 ilitumia intakula ya maji, ambayo haitegemei mwendo wa gari kwa kiasi hicho, ila inadai pampu na rejeta yake ya pili. Kwa mradi wa bei nafuu, hiyo ya maji naiondoa.

Kinachobaki ni intakula ya mtumba iliyotolewa kwenye magari kama hayo. Watu hupinga kuwa vitu vya mtumba huwa na mafuta ndani na nyufa zisizoonekana. Ni kweli, lakini mafuta huoshwa, na ufa hujitokeza ukiziba midomo, ukajaza hewa na kuizamisha ndani ya maji. Wengine husema intakula mpya isiyo na jina ni kubwa zaidi kwa bei ile ile. Pande nene likizibwa na bampa halipitishi upepo, linainyima rejeta hewa, na ujazo wake unaichelewesha tabo. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba intakula ya kiwandani ina kikomo. Hapo nakubali: atakayeongeza presha mbali kupita ile ya gari ilikotoka atakutana na yaliyoikuta P-38, na hana budi kununua kubwa zaidi.

Kabla ya kwenda kwenye maduka ya spea, vua bampa. Pima upana, kimo na kina cha nafasi iliyo mbele ya rejeta, kata karatasi ngumu kwa vipimo hivyo uende nayo. Utakachookoa kwenye bei, kitumie kwenye bati la kuelekeza upepo ili usikwepe pembeni, na klempu imara za paipu.