Lord of Light

Lord of Light ni riwaya ya fantasia ya kisayansi ya mwandishi Mmarekani Roger Zelazny (1937–1995), iliyochapishwa mwaka 1967. Inasimulia maisha katika sayari ya mbali iliyohamiwa na wanadamu. Wafanyakazi wa chombo cha angani kilichowaleta wamehodhi teknolojia ya kuhamisha nafsi katika miili mipya, wakajitawaza kuwa miungu ya Kihindu kama Brahma, Yama na Kali. Raia wa kawaida wananyimwa hata mashine ya kuchapia vitabu. Sam, mwenzi wa zamani wa miungu hao, anawaasi kwa kuhubiri mafundisho ya Buddha. Riwaya ilishinda Tuzo ya Hugo mwaka 1968. Mwaka 1980 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia muswada wa filamu uliotokana nayo kama kisingizio cha kuwatorosha Wamarekani sita kutoka Tehran, Iran.