Mwenda Jean Bosco, gitaa la ng'ambo ya ziwa letu

Historia ya gitaa nchini Tanzania husimuliwa kuanzia Dar es Salaam. Tunaelezwa habari za Dar es Salaam Jazz, za bendi ya NUTA, za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, kisha tunarushwa moja kwa moja hadi Kinshasa kwa Franco. Sisi wa Ufipa tunaachwa pembeni, kama vile hatukuwa na mlango wetu wenyewe wa muziki. Mlango tunao. Ukitoka Sumbawanga ukateremka Matai hadi Kasanga, au ukapita Namanyere mpaka Kirando, unafika Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji kuna Wakongo wanaosema Kiswahili. Ukizidi kwenda ndani unaingia nchi ya shaba, Katanga, alikotoka Mwenda Jean Bosco. Kwangu mimi, hakuna mpiga gitaa kavu wa Afrika ya kizazi chake anayemzidi.

Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, na Bunkeya si mji mgeni kwetu. Ulikuwa makao ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi katika karne ya 19 akifuata shaba na pembe za ndovu, akaishia kuwa mtawala. Watu wake ndio Wayeke, na Mwenda lilikuwa jina la Msiri mwenyewe. Misafara ya Tabora iliyozunguka ncha ya kusini ya ziwa kwenda huko ilipita Ufipa. Hata msafara uliommaliza Msiri ulipita jirani: Kapteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alivukia Karema mwaka 1891, na Desemba 20 mwaka huohuo Msiri akapigwa risasi. Karema, mama wa misheni za Kikatoliki za upande huu, ilikuwa ndani ya Rukwa mpaka Katavi ilipomegwa mwaka 2012. Kwa hiyo damu iliyozaa muziki huu ilitoka mashariki ya ziwa.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na gari la mitambo kurekodi ngoma na nyimbo, alifika Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Akamkuta kijana wa miaka 22 na gitaa lake. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa ulikuwemo “Masanga”, ukatoka kwenye santuri za kampuni ya Gallotone, zile za mizunguko 78 kwa dakika ambazo upande mmoja hubeba kama dakika tatu tu.

Dakika hizo zinatosha kumfanya mpiga gitaa aweke chombo chini na kusikiliza. Mkono wa kulia unatumia vidole viwili, gumba na cha shahada, basi. Gumba linashika besi na kutembea nayo bila kusita. Cha shahada kinachukua nyuzi nyembamba na kucheza sauti ya juu, ambayo haikubali kuanguka pamoja na besi; inaiwahi, inachelewa nyuma yake, inaikatiza. Anayesikia mara ya kwanza huapa kwamba wapo wapigaji wawili. Halafu sauti ya kuimba inaingia mahali usipoitarajia, na ghafla pale ulipodhani ndipo mwanzo wa mzunguko panakuwa katikati yake. Mtafiti wa muziki David Rycroft alijitolea kuandika upigaji huo kwa noti, na kazi yake ikachapishwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Ni heshima ambayo wapiga gitaa wachache sana wa Afrika walikuwa wameipata wakati huo.

Wapenzi wa blues wataujua mkono huo. Mississippi John Hurt, Mmarekani mweusi aliyerekodi mwaka 1928 kisha akasahauliwa hadi 1963, naye aliacha gumba lishike besi huku vidole vikiimba juu. Hurt alirudishwa mbele ya watu katika Tamasha la Newport, Marekani, akafariki 1966. Miaka mitatu baadaye, 1969, Bosco alisimama katika tamasha hilohilo, kijana wa Bunkeya kwenye programu moja na Joni Mitchell na James Taylor.

Kabla ya hapo alikuwa ameshapita Nairobi, akakaa miezi kadhaa na kusikika redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakamsoma vidole. Jamaa yake, Edouard Masengo, naye alijulikana sana Afrika Mashariki. Njia hiyo ya Katanga haikufungwa: Orchestra Maquis iliyotutia wazimu Dar es Salaam ilianzia Lubumbashi, ikahamia kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwao magitaa ya umeme yalijibizana, la solo na la rithimu na la besi, kazi ambayo Bosco aliifanya peke yake.

Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Lubumbashi kujifunza kwake, na akaandika kitabu. Mwaka 1988 Bosco alirekodi Cape Town albamu ya “Mwenda wa Bayeke”. Jina la watu wake, Wayeke, likawa usoni mwa kazi yake. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na miaka 60.

Ninawasihi vijana wa Sumbawanga wanaojifunza gitaa makanisani na kwenye bendi: tafuteni “Masanga” ya 1952 kabla ya kitu kingine chochote, kisha rekodi za 1988. Sikilizeni gumba kwanza, mara nyingi, mpaka mlishike peke yake. Kidole cha shahada kiongezwe baadaye, taratibu, na kuimba kuje mwisho kabisa, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea.