Kushuka Kyela Kula Wali

Barabara ya kwenda Kyela inaanza kwa kupanda. Kutoka Uyole inazunguka ubavuni mwa Mlima Rungwe, katikati ya mashamba ya viazi, kisha inafika kwenye chai na migomba ya Tukuyu, na kuanzia hapo ni mteremko mpaka ziwani. Mtu aliyeondoka Mbeya amevaa sweta, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, anafika Kyela ambako ni kama mita 500 tu, akiwa ameshalivua na kulitupa kiti cha nyuma. Safari nzima ni kama kilomita 120. Wengi huifanya kwa ajili ya mpaka wa Kasumulu au bandari za Itungi na Kiwira. Wapo pia wanaoshuka kwa sababu ya sahani moja tu: wali wa Kyela na samaki wa Ziwa Nyasa.

Sahani hiyo imezoeleka kiasi kwamba mtu anaweza kudhani mababu wa Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, waliikuta duniani. Ukweli ni kwamba wali ni mgeni katika uwanda huu. Kilicho cha kale ni kula pamoja, na wali wenyewe, kama tutakavyoona, uliuumiza vibaya utaratibu huo.

Septemba 1879 Mskoti mmoja wa miaka 21, Joseph Thomson, aliteremka kwenye uwanda wa kaskazini mwa ziwa akiongoza msafara ambao haukuwa wake. Mkuu wa msafara, Keith Johnston, alikuwa amefariki Juni mwaka huo huko Behobeho, upande wa Rufiji. Thomson alikuwa amevuka nchi ya Wahehe, nchi kavu na yenye baridi, na alichokikuta hapa kilimfanya aandike kwa furaha ambayo ni nadra katika vitabu vya wasafiri wa wakati ule. Alisifu nyumba safi, viwanja vilivyofagiliwa, na migomba kila upande. Chakula cha nchi kilikuwa ndizi na maziwa ya ng'ombe, pamoja na maharage na ulezi. Hata leo mzee wa Kinyakyusa akizungumzia chakula cha kwao hasa, hutaja mbalaga, yaani ndizi za kupika, kabla ya kutaja wali.

Waliokaa muda mrefu wakaandika zaidi. Mwaka 1891 walifika Wamoraviani wakajenga Rungwe, na wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky wakashika upande wa mashariki, ambao baadaye ulifika Matema ufukweni. Miaka michache baadaye Wamoraviani walifungua stesheni ya Ipyana, karibu na mahali ulipo mji wa Kyela. Lakini kwa mtu anayetaka kujua watu walikula vipi, na nani alikaa na nani, kazi kubwa zaidi ni ya mke na mume waliokuja na madaftari: Monica Wilson, aliyezaliwa Afrika Kusini, na Godfrey Wilson. Waliishi na Wanyakyusa kwa vipindi kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea peke yake. Kitabu chake cha kwanza juu ya vijiji vya rika kilitoka 1951.

Walichokieleza ni mpango wa maisha ambao watu wachache sana duniani wamewahi kuwa nao. Mvulana alipofika miaka kama kumi hakuendelea kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa umri mmoja, waliokuwa wakichunga ng'ombe pamoja, walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha wazazi. Vibanda vikawa nyumba, wakaoa humo, kikawa kijiji chao. Kijiji hakikuwa cha ukoo bali cha rika.

Mlo ndio ulioshikilia mpango huo. Vijana wale hawakuwa na mashamba wala wake, kwa hiyo waliendelea kula kwa mama zao, ila hakuna aliyekwenda kwao peke yake. Walikwenda kundi zima. Leo wanakula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, wanazunguka hivyo mpaka mama wote wamepitiwa. Mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume alijua kwamba siku moja atapikia kundi, na sifa ya mtoto wake mbele ya wenzake ilitegemea chungu chake. Nadhani hapa ndipo wasomaji wengi wa Wilson hupita haraka mno. Tunasimulia urafiki wa wanaume, lakini kila jioni ya urafiki huo ilipikwa na mwanamke ambaye hakukaa kwenye duara.

Walipokuwa watu wazima waliendelea kula pamoja na kunywa pamoja, wakizungukia chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake. Kukaa hivyo, kuzungumza na kushiba na wenzako, Wanyakyusa walikuita ukwangala, na walikuhesabu kuwa chanzo cha akili na adabu: mtu ajifunzie wapi busara kama hakai na wenzake? Upande wa pili wa jambo hilo ulikuwa mkali. Anayechinja na kula nyama yake kimya kimya, akawaacha majirani wasikie harufu tu, alijiweka hatarini. Manung'uniko yao yaliaminika kuwa na nguvu. Pumzi zao zilimjia kama baridi, akaugua. Choyo ya chakula haikuwa tabia mbaya tu, ilikuwa ugonjwa unaokungoja.

Sasa tuje kwenye mpunga. Uwanda wa Kyela uliumbwa kwa ajili yake hata kabla mpunga haujafika. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milimani na kutandaza matope yake tambarare kabla ya kuingia ziwani, na mvua hapa ni nyingi, inazidi milimita 2,000 kwa mwaka sehemu za karibu na milima. Mashamba yanafurika yenyewe bila mfereji. Kilichokosekana ni mnunuzi. Wakati wa Waingereza wanunuzi walipatikana: wafanyabiashara wenye maduka, bandari ya zamani ya Mwaya, na zaidi ya wote wachimbaji wa dhahabu wa Lupa, upande wa Chunya, ambako miaka ya 1930 maelfu ya watu walichimba na hawakulima. Huko juu milimani Wanyakyusa walipata fedha ya kodi na karo kwa kahawa. Huku chini waliipata kwa mpunga.

Mpunga ukabadilisha thamani ya ardhi. Kijiji cha rika kiliweza kuishi kwa sababu ardhi ilikuwa nyingi na migomba ilipandwa popote. Vijana wakihama, wanahamia mahali pengine penye rutuba ileile. Shamba la mpunga si hivyo. Bonde zuri lina mipaka, na mtu aliyelilima na kuuza mazao yake hataki kuliacha kwa sababu tu rika lake limehamishwa. Anataka kumwachia mwanawe. P. H. Gulliver, aliyeandika mwaka 1958 juu ya umiliki wa ardhi kwa Wanyakyusa, alikuta ugomvi wa mashamba umekuwa jambo la kawaida uwandani. Monica Wilson, aliyerudi kutembea mwaka 1955, aliona vijiji vya rika vikififia. Zao lililojaza sahani lilisaidia kuvunja duara la walaji. Sijaona jambo jingine katika historia ya Kyela linalonigusa kama hilo.

Samaki wao hawakuwa wageni. Ufuko huu ulikula ziwa kwa kila namna, hata kwa namna zilizomshangaza David Livingstone, aliyelifikia mwaka 1859 upande wa kusini: aliandika juu ya mawingu ya wadudu yanayoinuka majini kama moshi, na watu wanaowakusanya, wakawapika na kuwafinyanga kuwa mikate. Dagaa wa Nyasa huanikwa mchangani na kusafiri mbali. Mfalme wa ziwa, kwa watu wa Kyela, ni mbasa, samaki mrefu wa rangi ya fedha ambaye wakati wa mvua hupanda mito kwenda kutaga.

Vyombo vya kumpikia vilitoka Ikombe, kwa Wakisi. Huko Milima ya Livingstone inaanguka moja kwa moja majini na nafasi ya shamba karibu haipo, kwa hiyo Wakisi waligawana kazi wakafanya yale yanayowezekana: wanaume ziwani, wanawake kwenye udongo. Chungu cha Kisi hujengwa kwa mkono, kikizungushwa taratibu, chini kikiwa mviringo ili kikae vizuri juu ya mafiga matatu. Vyungu vilisafiri kwa mitumbwi hadi Lyulilo, jirani na Matema, vikabadilishwa kwa chakula cha uwandani. Soko la Lyulilo hukutana mpaka leo siku ya Jumamosi, na vyungu vyake utavikuta jikoni Mbeya.

Kuuza chakula kilichopikwa ni jambo la mwisho katika hadithi hii. Katika nchi ambayo mgeni analishwa, na jirani asiyelishwa anakuletea ugonjwa, kumdai mtu fedha kwa sahani kungekuwa tusi. Ilibidi waje watu wasio na mama wa rafiki wa kuwalisha: mabaharia, makuli wa bandari, makarani wa serikali, abiria wanaongoja meli ya Mbamba Bay. Kisha ikaja barabara. Miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilipofunga njia za reli za Beira na Nacala, Malawi ilibaki bila bandari, ikageukia Dar es Salaam kupitia Mbeya. Malori yakapita Kasumulu usiku na mchana, na dereva wa lori ana njaa kila mahali. Vibanda vya mama lishe vikaota kando ya barabara na karibu na stendi. Mwanamke aliyelisha rika la mwanawe bila malipo sasa alilisha rika la madereva, na safari hii fedha ilibaki mkononi mwake. Kwa hilo sikililii kijiji cha kale.

Ukifika mapema utaona kazi inavyofanywa. Mchele huchambuliwa kwenye ungo, unaoshwa, unatiwa kwenye maji yaliyokwisha kuchemka na mafuta kidogo na chumvi. Mchele wa msimu mpya hauhitaji maji mengi. Mpishi asiyejua hilo anaharibu sufuria nzima. Maji yakikauka, moto wa chini unapunguzwa na makaa yanapangwa juu ya kifuniko, na hapo harufu inaanza. Wanakemia wanasema inatokana na kiungo kilekile kilichomo kwenye basmati ya India. Pembeni mbasa amekatwa vipande vinene, amekaushwa kidogo kwa moto, kisha anaingia kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, mara nyingi na mawese, maana michikichi nayo imejaa Kyela. Wateja wasiofahamiana hukaa benchi moja, wakisogezeana bakuli la pilipili, na anayemaliza humwambia mpishi "ndaga fijo, mama" kabla hajatoa noti.

Tatizo ni kwamba sahani hii sasa inawindwa kutoka pande zote. Jina la Kyela linauza, kwa hiyo mjini Dar es Salaam mchele wa mabonde mengine huitwa Kyela bila haya. Wakulima wengine wamehamia kwenye mbegu zinazozaa sana kama SARO 5, na mbegu za zamani za uwandani zinapoteza nafasi. Ardhi nyingine imekwenda kwa kakao, ambayo Kyela inaongoza nchi nzima kwa kuilima. Mbasa ana hali mbaya zaidi: hutegwa mitoni akiwa njiani kutaga, na matope ya mashamba ya milimani yanafunika changarawe anakotaga. Wataalamu wa kimataifa wamemworodhesha miongoni mwa samaki walio hatarini. Kumkataza mvuvi bila kumpa njia nyingine ni rahisi kwa anayekula nyama mjini. Lakini kumvua kwenye midomo ya mito wakati wa kutaga ni kula mbegu.

Anayetaka kushuka aende baada ya mavuno, kuanzia katikati ya mwaka, na akiweza aichague Jumamosi, apitie Lyulilo asubuhi na kurudi mjini kula mchana. Aulize mchele umetoka bonde gani na samaki amevuliwa lini. Mpishi anayejua kazi yake hununua mpunga wake wakati wa mavuno na kuuhifadhi, naye hupenda kuulizwa. Na akiambiwa mbasa leo hakuna, apokee perege au dagaa wa siku hiyo bila kunung'unika, asimtume kijana mtoni kwenda kumtafuta.