Sapatu na Kiatu

Wasikilizaji wetu, wako watu wasemao ya kwamba viatu vililetwa kwetu na wageni, na ya kuwa wazee wetu walikwenda pekupeku mpaka merikebu za Ulaya zilipotia nanga pwani. Leo twapenda kulipima neno hilo kwa kuyauliza majina ya viatu vyenyewe.

Tuanze na sapatu, kiatu chepesi kisicho na kamba. Neno hili twalipata kwa Wareno, ambao kwao sapato ni kiatu cho chote. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ya Mombasa, na mwaka 1698 Waarabu wa Omani wakawanyang'anya. Wenyewe waliondoka, maneno yao yakabaki: meza, bendera, leso, na sapatu.

Neno hilo lina ndugu. Waispania husema zapato, Wafaransa savate, Waitaliano ciabatta. Kwa Waitaliano ciabatta ni sapatu ya nyumbani, tena ni kiatu kilichochakaa. Na fundi wa kutengeneza viatu huitwa ciabattino. Mwaka 1982 mwoka mikate Arnaldo Cavallari alifanya mkate ulio bapa, akauita ciabatta kwa umbo lake. Juu ya asili ya ukoo huu wataalamu hushindana, na wengine huutafuta kwa Waturuki au Waajemi. Basi hata Ulaya neno hili limetembea mkono kwa mkono.

Na kiatu je? Hilo halikushuka merikebuni. Wakikuyu, walio mbali na pwani, husema kiratu. Tena hawakulichukua kwetu, kwa maana wao wameihifadhi sauti ya katikati ambayo sisi tumeipoteza: sisi twasema kaa, wao ikara, sisi kiatu, wao kiratu. Ni urithi mmoja wa Kibantu, na watu hawarithishani jina la kitu wasichokijua. Wanyanja wa Malawi huita kiatu nsapato. Waswahili waliipokea sapatu, lakini kiatu hawakukiacha.

Nasi wa Makumira tukishuka sokoni Tengeru twaona katambuga zilizokatwa katika mipira ya magari. Mpira watoka kiwandani, bali umbo ni la ndara za ngozi za zamani.

Basi, walimu wenzetu, tusimkemee mtoto asemaye sapatu, kana kwamba ameiba. Wala tusimwache aamini ya kuwa babu zake walingoja mgeni awavike miguu. Tumwandikie ubaoni kiatu na kiratu, aone mwenyewe.